Alama na Msemaji Wake

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama katika sehemu nyingi za nchi yetu, kifo cha ghafla hakipokelewi kimya. Mtoto aliyelala mzima akikutwa asubuhi amekufa, au mzee aliyekwenda kutafuta kuni asiporudi, watu hukusanyika, hulia na kuzika. Kisha, moto wa matanga ungali unawaka, swali huanza kuzunguka: Ni nani? Ni mara chache watu huuliza kwanza: Ni nini? Na swali hili la nani aghalabu halivuki ua. Huelekea kwa mke mwenza, kwa mama wa kambo, kwa ndugu waliyegombania shamba la migomba, kwa bibi anayeishi peke yake nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana kesi ya mauaji ndani ya jamaa moja ni nzito kuliko nyingine. Aliyekufa na anayeshtakiwa wana matanga mamoja. Mshtakiwa akifungwa kwa haki, ukoo umepoteza watu wawili. Akifungwa kwa makosa, ukoo umepoteza watu wawili vile vile, na juu ya hasara hiyo umejitia doa ambalo watoto watalirithi. Katika kesi ya namna hii kila mtu hutamani apatikane msemaji asiyekuwa na upande, asiyekuwa na shangazi wala shemeji katika mashauri hayo. Zamani msemaji huyo alitafutwa kwa mganga wa ramli. Leo tunamtafuta maabara. Katika makala haya twataka kuuliza swali moja: Tunapoletewa alama, kama vile doa la damu, nguo iliyochanika, mfupa au unyayo, na mtaalamu akatuambia maana yake, tunapaswa kumwamini kwa kiasi gani?

Tuanze na somo chungu ambalo Kanda ya Ziwa inalijua vizuri. Kwa miaka mingi katika kanda hii vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya alama zilizotolewa kuwa ushahidi dhidi yao ni macho mekundu. Tuangalie kwa makini kosa lilipo. Macho hayo yalikuwa mekundu kweli. Hakuna aliyesema uongo juu ya rangi yake. Lakini mwanamke aliyepika miaka hamsini katika jiko lisilokuwa na dirisha, kwa kuni mbichi au kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, hana budi kuwa na macho mekundu. Alama ilikuwa ya kweli. Maana iliyopachikwa juu yake ndiyo iliyokuwa ya uongo. Alama yenyewe haina kinywa. Siku zote kuna mtu anayeisemea, na mtu huyo anaweza kukosea, kuogopa, kuhongwa au kufuata mkumbo.

Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa ukoloni na kuendelea kutumika baada ya Uhuru, ilikataza watu kujidai kuwa na uwezo wa kichawi na kuwataja wenzao kuwa wachawi. Hata hivyo sheria haikuweza peke yake kuondoa desturi ya kupiga ramli. Ramli ina mvuto wake. Mpiga ramli hasiti. Chombo chake anakijua mwenyewe, wala hakipimwi na mtu mwingine. Akikosea, hakuna anayegundua, kwa kuwa hakuna njia ya kugundua. Kwa watu wenye uchungu wa msiba, jibu la hakika lina utamu hata likiwa jibu baya.

Basi wengi wetu tunaopata elimu ya shule tunasema: Tuachane na ramli, tushike sayansi. Na ni kweli kwamba tumepiga hatua. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu katika mambo ya sayansi au sanaa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo mizizi yake inarudi hadi maabara iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1895, hupima sumu, damu na vielelezo vingine vya jinai. Mwaka 2009 Bunge lilitunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu. Haya yote ni maendeleo. Lakini twaomba msomaji asite kidogo mbele ya neno moja la Sheria ya Ushahidi, nalo ni "maoni". Sheria haikusema kwamba mtaalamu huleta hukumu. Husema kwamba huleta maoni, na maoni hayo hayamfungi jaji. Kwa nini sheria iwe na tahadhari hiyo? Je, doa la damu si doa la damu?

Ili kulijibu swali hili hatutachukua kesi ya kwetu. Katika kesi ya jirani kila msomaji ana ndugu upande mmoja au mwingine, na hoja hugeuka ugomvi. Tutachukua kesi ya mbali, iliyotokea Australia, ambayo ilibishaniwa kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka ikafika mwisho wake.

Usiku wa tarehe 17 Agosti, 1980, familia ya Chamberlain ilikuwa imepiga hema karibu na mwamba mkubwa wa Uluru katikati ya jangwa la nchi ile. Baba, Michael, alikuwa mchungaji wa kanisa la Waadventista Wasabato. Mama, Lindy, alikuwa amemlaza hemani mtoto wao wa kike, Azaria, mwenye umri wa wiki tisa. Ghafla mama alipiga kelele kwamba dingo, yaani mbwa wa porini wa nchi ile, amemchukua mtoto. Watu walitafuta usiku kucha. Wenyeji wa asili wa mahali pale, mabingwa wa kusoma nyayo, waliona nyayo za dingo na kuzifuata. Baada ya wiki moja nguo za mtoto zilipatikana, zimechanika na zina damu. Mwili haukupatikana kamwe. Mama alisema kwamba juu ya nguo hizo mtoto alivaa kikoti kidogo cha kufumwa. Kikoti hicho hakikuonekana, na wengi wakasema kwamba hakikuwapo.

Hakimu mchunguzi wa vifo aliyelisikiliza shauri mara ya kwanza, Februari 1981, aliamua kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto. Jambo lingekwisha hapo. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kuenea nchi nzima. Watu walimtazama Lindy Chamberlain katika televisheni wakaona kwamba halii kama walivyotarajia mama aliyefiwa alie. Ilisemwa kwamba dini yake ina mambo ya siri. Ilisemwa kwamba jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani, ingawa kwa kweli jina hilo la Kiebrania lina maana ya "Mungu amesaidia". Ilisemwa kwamba alimvalisha mtoto nguo nyeusi. Sisi nasi tunayo methali isemayo: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Katika kesi hii halikuwapo, lakini likaja, kwa maana lilitafutwa mpaka likapatikana.

Lilipatikana maabara. Mtaalamu mashuhuri wa London alizichunguza nguo akasema kwamba anaona alama ya kiganja chenye damu, na kwamba kitambaa kilikatwa kwa mkasi, si kwa meno. Mtaalamu mwingine alilipima gari la familia akatoa maoni kwamba chini ya sehemu ya mbele kuna damu iliyoruka, nayo ni damu ya mtoto mchanga. Damu ya mtoto mchanga hutofautiana kweli na ya mtu mzima. Ina kitu ambacho hupungua na karibu kutoweka katika miezi ya mwanzo ya maisha. Kwa hiyo ushahidi huu ulionekana kuwa wa mwisho. Tarehe 29 Oktoba, 1982, mahakama ya Darwin ilimtia hatiani Lindy Chamberlain kwa kumuua mwanawe, akapewa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Mumewe alitiwa hatiani kwa kumsaidia, lakini kifungo chake kiliahirishwa. Wiki chache baadaye mama huyo alijifungua mtoto mwingine wa kike akiwa kifungoni, naye akachukuliwa kutoka mikononi mwake. Rufani zake zote mbili zilikataliwa, ya pili mwaka 1984 kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Mwanzoni mwa mwaka 1986 mtalii mmoja alianguka kutoka juu ya mwamba ule akafa. Waliokwenda kuutafuta mwili wake walikikuta, katika eneo lenye mapango ya dingo, kikoti kidogo cha kufumwa. Ni kile ambacho mama alikisema tangu siku ya kwanza. Aliachiliwa siku chache baadaye. Tume iliyoongozwa na Jaji Morling ilichunguza upya ushahidi wote, ikaonekana kwamba kile kilichoitwa damu iliyoruka ndani ya gari kilikuwa dawa ya kuzuia kelele, ambayo kiwanda hupulizia magari yanapotengenezwa. Magari mengine ya aina ile, ambayo hayakuwa na msiba wo wote, yalikuwa na madoa yale yale. Kiganja chenye damu nacho hakikuthibitika. Tarehe 15 Septemba, 1988, hukumu zote mbili zilifutwa. Na tarehe 12 Juni, 2012, hakimu mchunguzi wa vifo aliandika rasmi kwamba Azaria aliuawa na dingo. Ilikuwa imepita miaka thelathini na miwili karibu kamili.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kosa lilikuwa wapi? Wengine watasema: Sayansi ilikuwa changa. Jibu hili halitoshi. Sayansi ya mwaka 1982 ilitosha kabisa kulijua lile doa, kama mtu angelichukua gari jingine la aina ile akalitazama. Kilichokosekana ni swali. Wataalamu walikuwa wameletewa nguo na gari pamoja na shauku ya nchi nzima kutaka mama yule awe na hatia, na macho yao yakaona kilichotarajiwa. Tena, vipande vilivyotumika katika vipimo vya damu vilikuwa vimekwisha kutupwa kabla ya kesi, kwa mujibu wa desturi ya maabara, hata wataalamu wa upande wa utetezi wasiweze kuvikagua. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mtaalamu ambaye kipimo chake hakiwezi kurudiwa na mwingine, ambaye kazi yake haionekani, na ambaye tunatakiwa tu kupokea jibu lake, amekaa katika kigoda cha mpiga ramli, hata kama amevaa koti jeupe. Tofauti kati ya maabara na ramli haimo katika vyombo. Imo katika kukubali kuulizwa.

Kuna jambo la pili linalotuhusu sisi tunaozungumza juu ya utamaduni wa taifa. Wale wenyeji wa asili waliosoma nyayo usiku ule walisema tangu mwanzo kwamba dingo alipita pale, tena amebeba mzigo. Elimu yao ilirithiwa kwa vizazi visivyohesabika. Lakini mbele ya mahakama uzito wa maneno yao ulikuwa mdogo kuliko ule wa bwana aliyetoka London, ambaye hakupata kuishi na mnyama yule. Fikiri sasa juu ya mfugaji wa Biharamulo aliyekulia kando ya mapori ya Burigi, ambayo tangu mwaka 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Huyu akionyeshwa mzoga wa mbuzi hutofautisha kazi ya fisi na kazi ya chui, na zote mbili na kazi ya kisu cha mwizi. Hutazama mahali palipoanza kuliwa, alama za meno, namna mnyama alivyouburura mzoga. Ukimwuliza, atakuonyesha kidole kimoja baada ya kingine mpaka uone mwenyewe. Hiyo ni sayansi, kwa kuwa anaeleza sababu zake na anakubali kusahihishwa na mfugaji mwenzake. "Akili nyingi huondoa maarifa," walisema wahenga. Mahakama inayomsikiliza mwenye shahada tu na kumpuuza mwenye maarifa ya mahali itakuwa imejiziba sikio moja.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba funzo ni kumshuku kila mtaalamu. Ipo kesi nyingine, ya hapa Afrika ya Mashariki, inayoonyesha upande wa pili. Mwezi Septemba 1988, mwezi ule ule hukumu ya akina Chamberlain ilipofutwa, msichana Mwingereza aitwaye Julie Ward alipotea katika mbuga ya Masai Mara, Kenya. Baba yake alisafiri kumtafuta, na msako wake ukapata mabaki machache: sehemu ya mguu, taya, na majivu. Kwa siku nyingi wakuu waliohusika walishikilia kwamba msichana aliliwa na wanyama. Lakini daktari aliyeyachunguza mabaki aliandika kwamba mfupa ulikuwa umekatwa kwa kitu chenye makali. Maneno hayo ya taarifa yake yakabadilishwa na mkubwa wake, yakaonyesha kwamba mfupa ulivunjika na kuchanika. Baba hakukubali. Alitafuta wataalamu wengine, akauliza tena na tena, mpaka mwaka 1989 hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo hicho akatamka kwamba Julie Ward aliuawa na mtu. Kesi zilizofuata, mwaka 1992 na mwaka 1999, ziliisha kwa washtakiwa kuachiliwa.

Tuziweke kesi hizi mbili pamoja. Australia mnyama aliua, na watu wakasema ni mtu. Kenya mtu aliua, na watu wakasema ni mnyama. Huko sayansi ilitumika kumwangamiza asiyekuwa na hatia. Huku sayansi ya kweli ilinyamazishwa ili pasiwe na mwenye hatia. Katika pande zote mbili ukweli uliokolewa na watu waliokataa kuacha kuuliza: Ni kwa sababu gani wasema hivyo? Tuonyeshe.

Msomaji mwenye fikra atatupinga hapa, na ana haki. Atasema: Mkiendelea kuuliza bila kikomo, wauaji wote watatoka mlango wa mbele. Shaka ni kitu rahisi. Wakili hodari anaweza kuitia shaka hata asubuhi. Na marehemu je? Yeye hana wakili. Katika mauaji ya ndani ya jamaa marehemu ni mpweke zaidi, maana wale ambao wangemlilia haki ndio hao hao wanaomwogopea mshtakiwa asinyongwe. Kule Mara hakuna aliyetiwa hatiani. Je, hiyo ndiyo haki?

Pingamizi hili ni zito, wala hatudai kwamba lina jibu tamu. Twasema mambo mawili tu. Kwanza, sheria yetu haitaki hakika isiyokuwa na shaka kabisa, kwa sababu hakika ya namna hiyo binadamu hanayo. Inataka hatia ithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana, yaani shaka yenye mguu wa kusimamia. Kusema "huenda malaika alimuua" si shaka ya maana. Kusema "magari mengine ya aina hii yana doa kama hili" ni shaka ya maana, kwa kuwa mtu anaweza kwenda akatazama. Pili, kumhukumu asiyekuwa na hatia hakumpi marehemu haki yake. Kunamnyang'anya mara ya pili, kwa sababu siku hiyo msako unasimama na faili linafungwa. Azaria hakunufaika hata kidogo kwa mama yake kukaa kifungoni karibu miaka mitatu.

Na tukumbuke kwamba Lindy Chamberlain aliishi mpaka akaiona siku ya kikoti. Aliishi kwa kuwa katika jimbo lile adhabu ya kifo ilikuwa imekwisha kufutwa. Kwetu Kanuni ya Adhabu iliweka kifo kuwa adhabu pekee ya kuua kwa kukusudia, ingawa tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitamka kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuchagua adhabu katika makosa hayo kunavunja haki ya kuishi. Wasomaji wetu wanaweza kutofautiana juu ya adhabu hiyo. Lakini hakuna anayeweza kukana kwamba kikoti kinachopatikana baada ya zaidi ya miaka mitano hakiwezi kumsaidia aliyekwisha kuzikwa.

Kwa walimu na wanafunzi, jambo hili haliishii mahakamani. Linaanzia kijijini. Mtu akifa kwa namna isiyoeleweka, desturi yetu ya huruma hutufanya tujae uani, tuingie chumbani, tumwoshe marehemu, tudeki sakafu, tuzike upesi. Tunafanya hivyo kwa heshima, lakini tunakanyaga nyayo na kufuta alama ambazo ndizo peke yake zingeweza kumtetea aliye safi au kumfichua mwenye hatia. Kumwita Mtendaji wa Kijiji na polisi kabla ya kugusa kitu, na kuwazuia watu wasiingie, ni heshima kubwa zaidi kwa marehemu. Vile vile kilio si kipimo. Wapo wanaolia kwa sauti na wapo wanaokauka macho kwa uchungu, na wote wawili wanaweza kuwa wamempenda marehemu sawasawa.

Darasani nako, mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi mjadala juu ya kesi hizi, mmoja akisimama badala ya mtaalamu, mwingine akimwuliza. Na mtaalamu wa mchezo ajifunze kuulizwa maswali matatu bila kukasirika: Umejuaje? Ni kitu gani kingine kingeweza kuleta alama hii hii? Je, mwingine anaweza kuirudia kazi yako tukaona? Kijana aliyezoea maswali haya hatamwogopa mpiga ramli, wala hatalisujudia koti jeupe. Siku moja yeye mwenyewe atakuwa muuguzi wa Ngara, polisi wa Biharamulo, mpimaji wa maabara au jaji, na jamaa yenye msiba itamtazama usoni ikingoja aseme ni nani. Tutakuwa tumemlea vema ikiwa siku hiyo, kama hana hakika, ataweza kuwaambia bila haya kwamba bado hajui, kisha arudi kazini akatafute.